Wapolandi wa Ifunda na Deni la Hifadhi

Mhadhara uliotolewa Rujewa, Wilaya ya Mbarali

 

Nimeombwa nizungumze juu ya namna mataifa tajiri yanavyowapokea watu wanaokimbia vita. Najua wako watakaojiuliza jambo hilo linatuhusu nini sisi tunaohangaika na maji ya mfereji na bei ya mpunga. Linatuhusu, kwa sababu Ulaya ilipowaka moto, baadhi ya watu wake waliletwa kulala katika nyanda hizi hizi za juu. Na linatuhusu kwa sababu barabara ya Zambia inapita Igawa, na katika malori yanayopita pale usiku hamna mbao na saruji peke yake.

Nianze na Wapolandi. Mtu akitoka hapa akapanda hadi Makambako, kisha akashika njia ya Njombe, Kidugala haiko mbali. Akiendelea na barabara kuu akaipita Mafinga, atafika Ifunda kabla ya kuingia Iringa. Wengi wenu mnazijua sehemu hizo kwa shule: Kidugala kwa seminari ya Walutheri, Ifunda kwa shule ya ufundi iliyolea mafundi wa nchi hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, zote mbili zilikuwa kambi za wakimbizi, na wakimbizi wenyewe walikuwa Wazungu.

Walifikaje? Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Wajerumani kutoka magharibi na Wasovieti kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwakusanya raia kwa mamia ya maelfu, wakawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima kwa shuruti. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na homa ya matumbo. Hitler alipomgeuka Stalin katikati ya 1941, yalifanyika mapatano ya kuwaachia. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume waliingia jeshini. Wanawake, wazee na watoto, wengi wao yatima, walitafutiwa pa kuishi, na sehemu yao kubwa ikaletwa kwenye makoloni ya Waingereza huku Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, na hapa Tanganyika kambi ya Tengeru karibu na Arusha iliyofika watu karibu 5,000, pamoja na kambi ndogondogo kama Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala.

Sitaki kuipamba habari hii. Waliowapokea walikuwa serikali ya kikoloni. Babu zetu hawakuulizwa kama wanataka wageni, wala ardhi ile haikutolewa na wao. Gharama zililipwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Na ni kweli kwamba mkimbizi mweupe katika koloni aliishi vizuri kuliko mwenyeji mweusi aliyemletea kuni. Hayo yasemwe wazi.

Lakini tazameni yale waliyofanyiwa, kwa sababu humo ndimo kipimo kilimo. Kwanza, hakuna aliyeambiwa amevunja sheria kwa kukosa pasipoti. Pili, walipewa nyumba, shule, kanisa, zahanati na vipande vya bustani, na watoto wakasomeshwa kwa lugha yao. Tatu, na hili ndilo kubwa, vita ilipokwisha mwaka 1945 hawakusukumwa warudi. Nchi yao ilikuwa imebadilika. Mashariki ya Poland, walikotoka wengi wao, ilikuwa imemezwa na Wasovieti, na serikali mpya ya Warsaw iliwaogopesha. Walisema tukirudi tutateseka, na neno lao likasikilizwa. Mwaka 1947 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu ya kuwapa makazi askari wa Kipolandi na familia zao. Wengine walikwenda Australia na Canada. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 kutoka Tengeru walipelekwa Canada ingawa serikali ya Warsaw ilipinga kwa nguvu. Majengo ya Ifunda yakageuzwa kuwa shule. Tengeru yamebaki makaburi yao, na mpaka leo yanatunzwa.

Kutokana na watu wa namna ile, mamilioni yao waliotapakaa Ulaya nzima, ndipo ukaandikwa Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951. Mkataba huo kwa asili ulihusu watu waliokimbia matukio ya kabla ya Januari 1951, na nchi iliyotaka iliruhusiwa kuubana uhusu matukio ya Ulaya tu. Uliandikwa zaidi na Wazungu, kwa kuwafikiria zaidi Wazungu. Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyoondoa mipaka hiyo ukawa wa dunia nzima. Mle ndani yamo mambo mawili ambayo ningependa kila mwanafunzi aliye hapa ayashike. Kifungu cha 31 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ameingia bila kibali, maadamu ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza mbele ya wenye mamlaka. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Waandishi wa mkataba ule walijua kwamba anayekimbia kuuawa hapangi foleni ya viza.

Sasa tuje kwenye siku zetu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo yamefichwa kwa ustadi.

Mataifa tajiri hayajaufuta mkataba wa 1951. Karibu yote yangali yameutia saini na yanautaja kwa heshima. Yalichofanya ni kuhakikisha kwamba mwenye haki ile hafiki mahali pa kuidai. Chukua mtu wa Bukavu, Kongo, ambaye jirani zake wameuawa, naye ana kaka yake London. Haki ya kuomba hifadhi Uingereza anaipata akishakanyaga ardhi ya Uingereza, si kabla. Hakuna viza ya kwenda kuomba hifadhi. Akiomba viza ya matembezi atanyimwa, kwa sababu anatoka kwenye vita na wanajua hatarudi. Akienda uwanja wa ndege, hapandi. Tangu 1987 Uingereza inalitoza faini shirika la ndege linalomleta abiria asiye na karatasi kamili, na Umoja wa Ulaya nao una kanuni kama hiyo. Kwa hiyo anayeamua kesi ya mkimbizi yule ni karani wa tiketi pale uwanjani, mtu asiyejua sheria ya wakimbizi na anayeogopa mwajiri wake akatwe fedha. Nauli ya ndege ni ndogo kuliko pesa anayotozwa msafiri wa magendo kuvuka Sahara na bahari. Mtu analipa zaidi ili afe maji, wakati ndege yenye viti vitupu inapita juu yake.

Akifika Libya atakuta fedha za Ulaya zimemtangulia. Mwaka 2017 Italia iliingia mapatano na Libya ya kuwapa walinzi wa pwani vifaa na mafunzo ili wawakamate watu baharini na kuwarudisha kwenye mahabusu ambazo Umoja wa Mataifa wenyewe umeeleza mateso yake. Mwaka mmoja kabla yake Umoja wa Ulaya ulikuwa umekubaliana na Uturuki kwa mabilioni ya yuro. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limehesabu zaidi ya watu 28,000 waliokufa au kupotea katika bahari ya Mediterania tangu 2014. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2023, meli moja ya uvuvi iitwayo Adriana ilizama karibu na Pylos, Ugiriki, ikiwa na mamia ya watu, na wengi wao hawakuonekana tena.

Australia ilikwenda mbele zaidi. Julai 2013 ilitangaza kwamba anayekuja kwa mashua hatakaa Australia kamwe, hata ikithibitika kwamba ni mkimbizi wa kweli. Waliwekwa kwenye kisiwa cha Nauru na kile cha Manus nchini Papua New Guinea, wengine kwa miaka. Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea ndiyo iliyosema, Aprili 2016, kwamba kuwafungia watu wale ni kinyume cha katiba. Nchi maskini iliisomea nchi tajiri sheria.

Uingereza ikaiga. Aprili 2022 ilitangaza itawapeleka Rwanda waombaji wa hifadhi waliovuka kwa boti kutoka Ufaransa, na kesi zao zisikilizwe huko huko, wasirudi tena. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukataa mpango huo kwa sababu kulikuwa na hatari ya watu kurudishwa kutoka Rwanda hadi kwenye nchi walizozikimbia. Bunge likatunga sheria ya kusema kwamba Rwanda ni salama, kana kwamba usalama wa mtu unapatikana kwa kupigiwa kura. Serikali mpya iliufuta mpango huo Julai 2024, ikasema ulikuwa umekwishakula pauni milioni 700. Waliofika Kigali ni wanne, na wote walikwenda kwa hiari yao.

Wengi hawakumbuki kwamba sisi tulikuwa tumeshaposwa kabla ya Rwanda. Mwaka 2004 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba serikali ya Tony Blair ilizungumza na Tanzania ili tuwapokee Wasomali walionyimwa hifadhi huko, pamoja na ahadi ya msaada wa pauni milioni 4. Mpango ule haukutekelezwa, na ninashukuru haukutekelezwa. Tungekuwa tumekubali kwamba binadamu wana bei, na kwamba bei yetu ni ndogo.

Mwaka 2025 ulinifundisha zaidi ya vitabu. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kuhojiwa, kupimwa afya na kupewa tarehe ya safari walifutiwa ndege zao. Kongo ndiyo iliyokuwa imeongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani mwaka uliotangulia, na wengi wao walikuwa wamesubiri miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu hapa Tanzania. Wiki moja baadaye, tarehe 27 Januari, wapiganaji wa M23 waliingia mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Mlango ulifungwa siku zile zile nyumba ilipokuwa inaungua. Mwezi Mei kikundi cha kwanza cha Makaburu kutoka Afrika Kusini kilipokelewa Marekani kama wakimbizi, na baadaye serikali ile ikapanga nafasi 7,500 tu kwa mwaka mzima uliofuata, nyingi zikitajwa kuwa za Makaburu hao. Mwaka uliotangulia kiwango kilikuwa 125,000.

Mtu asiniambie basi kwamba tatizo ni uwezo. Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine kwa majeshi yote, Umoja wa Ulaya ulifungua kanuni ya mwaka 2001 ambayo haikuwahi kutumika hata mara moja, na kuwapa Waukraine ruhusa ya kuishi, kufanya kazi, kusomesha watoto na kutibiwa, bila kesi ya mtu mmoja mmoja. Mamilioni yalipokelewa. Wapolandi waliwafungulia nyumba zao, wakalala sakafuni wageni walale vitandani, na hilo nalisifu kwa moyo wote. Ndivyo inavyotakiwa kufanyika. Lakini siku hizo hizo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Ukraine walizuiwa kwenye mipaka huku wenzao wakipitishwa, hata Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani. Na kwenye mpaka wake na Belarus, Poland ilikuwa ikijenga ukuta wa chuma wa kilomita 186. Machi 2025 ikapitisha sheria ya kusimamisha haki ya kuomba hifadhi kwenye mpaka huo, wanakopita Waafghani, Wasyria, Waethiopia na Wasomali.

Nasikitika kuisema Poland, kwa sababu naijua hoja yao: Belarus inawatumia wahamiaji kama silaha ya kuwasumbua. Ni kweli. Lakini mama aliyesukumwa na askari wa Belarus hakuitengeneza siasa ile, kama vile mama wa Kipolandi aliyeshushwa Kidugala hakuwa ametengeneza siasa ya Stalin na Hitler.

Hoja nzito kuliko zote ya wenye nchi ni hofu, nami siidharau. Hapa Usangu mnaielewa. Miaka ya 1870 Wahehe waliwasukuma Wasangu kutoka bonde hili, chifu wao Merere akaondoka na watu wake hadi Usafwa, akajenga Utengule. Wasangu walikuwa wamekimbia vita. Hata hivyo waulizeni Wasafwa: wageni wale waliishia kuwatawala, mpaka waliporejea huku miaka ya 1890 Wajerumani walipokuwa wakiwavunja nguvu Wahehe. Kwa hiyo mwenyeji anayeogopa kumezwa haogopi kitu kisichowahi kutokea. Ila wale walikwenda na jeshi. Anayefika kisiwa cha Lampedusa, Italia, akiwa amebeba mtoto mchanga, na nguo zimelowa, amekwenda na nini? Serikali ina haki ya kulinda mpaka, ina haki ya kumkagua anayeingia, na ina haki ya kumrudisha aliyesikilizwa kwa haki akaonekana hana hatari anayoikimbia. Wapo wanaodanganya, nao watajulikana wakisikilizwa. Haina haki ya kumkataa mtu kabla ya kumsikiliza.

Tukisema uwezo, hesabu iko hadharani. Zaidi ya thuluthi mbili ya wakimbizi wote duniani wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uganda peke yake ina zaidi ya milioni moja na nusu. Sisi tulipokea Warundi wa mwaka 1972, tukawapa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakayageuza mashamba, na kuanzia Oktoba 2014 zaidi ya watu 162,000 kati yao na watoto wao wakakabidhiwa vyeti vya uraia. Tulikuwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini kule Mazimbu na Dakawa. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa ya kuwatumikia wakimbizi, mwaka 1983. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa saa 24 hivi, wakaingia Ngara, wilaya maskini, na Ngara haikufunga daraja. Sijui bunge la nchi tajiri ambalo lingeupitisha usiku ule bila kubomoka.

Na hapa lazima nigeuze uso. Machi 1995 tuliufunga mpaka. Desemba 1996 askari wetu waliwasukuma Wanyarwanda karibu nusu milioni warudi kwao. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwafungia wakimbizi kambini, asitoke mtu bila kibali. Januari 2018 tulijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliotaka wakimbizi wajitegemee na kuchangamana na wenyeji, tukitaja usalama na ukosefu wa fedha. Sababu ya fedha haikuwa ya uongo. Wafadhili walikuwa wakiahidi na kutoa nusu, na mwaka 2023 posho ya chakula kambini ilishushwa hadi nusu ya kiwango. Lakini hapo ndipo ubaya wa mataifa tajiri unapotuingia hata sisi. Nchi yenye hazina inapolipa ili isione wakimbizi, nchi isiyo na hazina inajiuliza kwa nini yenyewe iwe mjinga wa mwisho. Desturi ya hifadhi haifi Geneva, inafia katika kambi za Kibondo na Kasulu, na inaweza kufia hapa Mbarali.

Maana hapa kwetu wanapita. Mnawaita Wahabeshi. Vijana wa Ethiopia, na mara nyingine Wasomali, wamefungiwa ndani ya kontena au chini ya turubai la fuso, wanaelekea Afrika Kusini. Juni 2012 zaidi ya 40 walikosa hewa ndani ya lori wakafa, na maiti zao zikatupwa porini mkoani Dodoma. Wanapokamatwa katika mikoa yetu, magazeti huandika "wahamiaji haramu wanaswa", wanapigwa picha wamekaa chini, kisha mahakamani kwa kuingia bila kibali, faini au kifungo. Wengi wao, nakubali, wanatafuta kazi. Lakini Novemba 2020 vita ilizuka Tigray, na baada yake Amhara. Katika lori moja anaweza kuwamo anayetafuta maisha pamoja na anayekimbia kifo, na kwa macho hawatofautiani. Tukiwapeleka wote gerezani bila kuuliza, tumefanya lile lile linalofanywa na karani wa tiketi.

Afrika tulijiwekea kipimo kikubwa kuliko cha Geneva. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unamtambua kuwa mkimbizi hata yule aliyekimbia vita na machafuko yaliyoikumba nchi yake, bila kumtaka athibitishe kwamba anawindwa yeye kwa jina. Sheria yetu ya 1998 imeuchukua uelewa huo. Tena sheria hiyo inasema kwamba mtu anayedai kuwa mkimbizi ajitokeze ndani ya siku 7 mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, au mlinzi wa amani, au mtendaji wa kijiji.

Watendaji wa vijiji mliokaa hapa mbele, mmesikia. Sheria imewataja ninyi. Lori likikwama Igawa au Chimala, au kijana asiyejua Kiswahili akiokotwa shambani ana kiu, mpeni maji kwanza. Mtafuteni wa kumtafsiria, hata kwa simu. Muulizeni anatoka wapi na amekimbia nini, andikeni jibu lake kwenye karatasi, kisha ndipo mwite polisi na Uhamiaji, na karatasi hiyo iende pamoja naye hadi mahakamani. Walimu, wapelekeni watoto Ifunda na Kidugala wakaone. Na wewe uliye na ndugu London, Warsaw au Minnesota mwenye kura huko, mwandikie umkumbushe kwamba tulikuwa na Wapolandi hapa, na hakuna aliyewarudisha kwa nguvu.